Capri Point, Mwanza: ziwa limemeza ngazi tano za bustani. Maji haya yanatoka wapi?

MamaKulwa · 14 Mei 2024, 07:10

Mwangaluka wadau.

Naishi Capri Point, nyumba ya kupanga, ule upande wa chini unaotazama kisiwa cha Saanane. Nyuma ya nyumba kuna ngazi za zege zinazoshuka kutoka bustanini mpaka ziwani. Tulipohamia Novemba 2022 wanangu walizihesabu: ngazi 11 kavu, ya 12 ndiyo iliyokuwa inalowa. Leo asubuhi nimezihesabu tena, zimebaki 6. Ya saba naiona chini ya maji, imeota utelezi wa kijani na konokono wameshika pembeni. Mwembe uliokuwa hatua kumi kutoka majini, mizizi yake sasa inapigwa na mawimbi. Na kipande cha ukuta wa mawe upande wa jirani kimelala ziwani tangu Jumapili usiku. Tulisikia kishindo tukadhani ni radi.

Mwenye nyumba anasema ni mvua tu, yatashuka. Jirani anasema Waganda wamefunga mageti kule Jinja. Mlinzi wetu, mzee wa Ukerewe, anasema ziwa limekuja kuchukua chake. Watu watatu, majibu matatu, na kodi yangu ya miezi sita inaisha mwezi ujao. Anayejua anieleze: maji haya yanatoka wapi, na yataishia wapi?

KijanaWaMabatini · 14 Mei, 07:31

Pole mama. Ila nitasema ukweli wangu. Sisi wa Mabatini kila mvua ikipiga Mto Mirongo unaingia ndani, tunaweka magodoro juu ya meza, watoto wanalala wamekaa. Hakuna anayeuliza maji yanatoka wapi. Maji yakifika Capri Point ndiyo mji mzima unaambiwa kuna mafuriko.

MamaKulwa · 14 Mei, 07:44

@KijanaWaMabatini sina la kubishana hapo. Mimi mwenyewe nimekulia Igogo, ng'ambo tu ya reli, na godoro juu ya meza nalijua. Nauliza kwa sababu nina watoto wawili wanaocheza hatua nane kutoka majini.

GetiLaJinja · 14 Mei, 08:02

Jirani yako yuko sahihi. Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Nile pale Jinja. Mwingereza alijenga bwawa la Owen Falls, likafunguliwa 1954. Tangu siku hiyo ziwa limekuwa kama beseni lenye koki, na koki iko mkononi mwa mtu mwingine. Akifungua, tunakauka kama 2006. Akifunga, mnazama Capri Point. Mbona kabla ya bwawa hatukusikia haya?

HaliYaHewa · 14 Mei, 09:20

@GetiLaJinja nusu yako ni kweli, nusu siyo.

Kweli: mlango ni mmoja, na mwaka 2006 maji yaliposhuka sana, ukame ulikuwa na sehemu yake na kutoa maji kupita kiasi kwa ajili ya umeme kulikuwa na sehemu yake. Hilo wataalamu waliandika.

Si kweli: kwamba mtu anafunga tu akipenda. Kuna makubaliano ya tangu enzi za ukoloni kwamba bwawa litoe maji kwa kiasi kile kile ambacho yangetoka yenyewe kama bwawa lisingekuwepo. Ziwa likijaa, wanatakiwa watoe zaidi. Na hao unaowaita wenye koki, mwezi huu huu fukwe zao za Entebbe na Ggaba zimezama. Nani anajaza beseni ili azame mwenyewe?

Sasa angalia ukubwa. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800 hivi. Ukilipandisha sentimita 1 tu, umeongeza lita bilioni 688. Maji hayo yanatoka juu: karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, Kagera ikiwemo na ndiyo mkubwa kuliko yote, inaleta kilichobaki. Kutoka pia, sehemu kubwa inapanda hewani kwa jua, Nile inachukua kidogo. Kwa hiyo misimu miwili ya mvua nzito ikifuatana na mawingu mengi, ziwa linavimba. Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli inakuwa kali. Ilitokea 1961, ikatokea 1997, ikatokea 2019. Vuli ya 2023 nayo mliiona.

Sangara_Mbichi · 14 Mei, 09:48

Kwa hiyo ni kile kimbunga Hidaya cha juzi?

HaliYaHewa · 14 Mei, 10:05

Hapana. Hidaya kiliishia pwani, kule Mafia na mikoa ya kusini, mwanzoni mwa mwezi huu. Ziwa lilikuwa limeshapanda kabla hakijazaliwa.

MstaafuWaMeli · 14 Mei, 11:37

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea.

Nilifanya kazi melini kwa miaka mingi, na mtu wa meli hutazama gati kila siku. Mwaka 2006 tulikuwa tukishuka mbali sana kutoka gatini hadi majini, na mawe yote ya Mwanza, hata Jiwe la Bismarck, yalionyesha mkanda mweupe kiunoni pale maji yalipokuwa yakifika zamani. Ule mkanda ndio daftari la ziwa. Leo umefunikwa.

Mwenzangu aliyenitangulia kazini alinisimulia ya 1961 hadi 1964. Maji yalipanda zaidi ya mita 2 ndani ya muda huo, magati yakafunikwa, vijiji vya wavuvi vikahama kupanda juu. Kwenye kipimo cha Jinja mwaka 1964 yalifika mita 13.41, na watu wakasema hayatafika hapo tena. Mei 2020 yalifika 13.42. Bwana Geti, 1961 bwawa lilikuwa na miaka saba na waliokuwa wakiliendesha walikuwa Waingereza hao hao. Sijui utamlaumu nani.

Mama Kulwa, wenye nyumba wengi wa chini waliomwaga zege miaka ya 2000 walipima ukingo wakati ziwa limelala. Mwenye ngazi zako alijenga lini?

MamaKulwa · 14 Mei, 12:15

Shikamoo mzee. Kwenye zege ya ngazi ya juu kabisa kuna tarehe imechorwa kwa msumari: 8/2006.

MstaafuWaMeli · 14 Mei, 12:22

Basi.

FundiMawe · 14 Mei, 13:40

Nimejenga kuta Capri Point, Isamilo na Luchelele, niongee la kwangu. Mvua nakubali. Lakini ule ukuta wa jirani haukuangushwa na kina cha maji, umeangushwa na kazi mbovu na tamaa ya kiwanja. Watu wanaleta malori ya kifusi, wanamwaga ziwani wapate bustani kubwa, wanazungushia ukuta wa mawe. Kifusi hakikai. Chini wimbi linachota udongo kidogo kidogo, juu majani yako ni ya kijani na viti vimepangwa, siku moja panabonyea.

Kosa la pili ni matete. Ukingo wote ule ulikuwa na matete na mafunjo. Mteja anakuja anasema, fundi fyeka yote nataka kuona Saanane nikiwa kitandani. Tunafyeka. Matete ndiyo yaliyokuwa yanavunja nguvu ya wimbi na kushika udongo kwa mizizi. Mimi nimefyeka kwa mikono yangu na nimelipwa, na kila nikipita pale na mtumbwi roho inaniuma.

BintiNansio · 14 Mei, 14:02

Asante fundi kwa kusema hivyo. Kwetu Ukerewe bibi alikuwa akitukataza hata kung'oa tete moja la kutengenezea filimbi.

Nyamagana_Damu · 14 Mei, 15:30

Mnazunguka sana. Ni daraja la Kigongo-Busisi. Nguzo zote zile na vifusi vimezuia maji ya ghuba, yanarudi mjini.

HaliYaHewa · 14 Mei, 15:51

Nguzo zinapitisha maji katikati yake. Na kama daraja lingezuia, maji yangejaa upande mmoja na kupungua upande wa pili. Muulize mtu wa Kisumu au Bukoba kama kwake yamepungua.

JaDunga · 14 Mei, 16:18

Mmeniita, nimefika. Huku Kisumu tunaliita Nam Lolwe, na halijapungua hata kidogo. Dunga pale watu wanakula samaki, maji imekaribia viti. 2020 ilikuwa mbaya zaidi, familia nyingi sana za Nyando na Budalang'i zilihama, na viboko walikuwa wanatembea usiku mahali watoto hupitia wakienda shule. Sisi pia tuko na mtaa wetu wa wenye pesa, Milimani, lakini wao walijenga juu kwa mlima. Nyinyi Mwanza ndio mliamua kulala na ziwa kitanda kimoja.

Hiyo maneno ya daraja wacheni. Sisi hatuna daraja na tumezama.

Kaitaba · 14 Mei, 17:05

Bukoba pia yamepanda. Babu alikuwa akituambia ziwa lina mwenyewe, anaitwa Mugasha, na upepo na mvua ni vyake. Wavuvi walikuwa wakimtaja kabla ya kusukuma mtumbwi. Sisemi tumtolee mbuzi. Nasema wazee walijua ziwa si bwawa la kuogelea, ndiyo maana vijiji vya zamani vilikuwa juu na mitumbwi tu ndiyo ililala chini. Mlinzi wako, mama, msikilize vizuri.

DadaIsamilo · 14 Mei, 19:26

Nitoke kidogo nje ya mada. Mama Kulwa, ukiacha maji, kuishi Capri Point kukoje? Nimeambiwa kuna nyumba na mimi natamani. Huku Isamilo ziwa naliona kwa mbali kama kitambaa.

MamaKulwa · 14 Mei, 21:03

@DadaIsamilo nikujibu nilivyoona mwenyewe.

Uzuri wake: usiku ambao hakuna mwezi, ukitoka nje unaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kwenye maji, unadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Alfajiri kuna ndege wengi mno, tai wa samaki analia mpaka unaacha kuosha vyombo. Mawe yana pimbi, na wale mijusi wenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa bluu. Doto amewapa majina wote. Barabara ina miti na kivuli, mtoto anaendesha baiskeli bila wewe kushika moyo.

Taabu zake: duka la kununua chumvi liko mbali, genge hakuna, mama ntilie hakuna. Jioni hujui jirani anapika nini, hata harufu haipiti ukuta. Nilipougua malaria mwaka jana siku mbili hakuna aliyegonga geti, nikakumbuka Igogo ambako nikikohoa tu mama wa nyumba ya tatu anauliza. Wale wadudu wa ziwani wakija, wanakuja kama moshi, unazima taa zote unakaa gizani. Nguo kabatini zinashika ukungu. Maji ya bomba yanategemea pampu ya mwenye nyumba, na pampu ikifa ninatazama ziwa zima huku ndoo ni tupu. Kodi ni laki tisa kwa mwezi.

KijanaWaMabatini · 14 Mei, 21:15

Laki tisa! Mama nisamehe asubuhi nilikujia juu. Ila hilo la kutogongewa geti limeniuma kuliko ukuta.

NesiMstaafu · 15 Mei, 06:20

Nimesoma jana usiku nikashindwa kulala. Mama Kulwa, umesema ngazi ya saba ina konokono. Mkanye Kulwa na Doto wasikanyage maji hayo hata mara moja. Minyoo ya kichocho inakaa kwenye konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na inapenya kwenye ngozi bila kuuma. Ukanda wetu huu wa ziwa una kichocho cha tumbo kingi. Watu wanadhani ni ugonjwa wa wavuvi. Bustani iliyozama, majani yake bado yako chini ya maji, ndiyo nyumba nzuri ya konokono. Kama wameshachezea, wapeleke wapimwe choo, dawa ipo, wanapewa kulingana na uzito au urefu.

MamaKulwa · 15 Mei, 06:41

Wameshachezea. Jumamosi walikuwa wanakusanya magamba. Naenda leo, asante sana mama.

Mwanasheria_Kijiweni · 15 Mei, 09:10

Hakuna aliyetaja mita 60? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, zile zinazoweza kuharibu mazingira. Ngazi zenye tarehe ya 2006 zimejengwa sheria ikiwa hai. Mpangaji huna kosa, lakini usikubali kuchangia matengenezo ya ukuta.

FundiMawe · 15 Mei, 09:33

Wakili, mita 60 unapima kutoka ukingo upi? Wa 2006 au wa leo? Nilishauliza swali hilo kazini, kila aliyekuja na utepe alipima kwake.

Mwanasheria_Kijiweni · 15 Mei, 09:58

Hapo fundi umegusa kidonda. Na nyumba za kabla ya 2004 ni mjadala mwingine, zingine ni za tangu ukoloni na ziko kwenye mawe, hazijatikisika.

Msukuma_Chicago · 15 Mei, 17:44

Wabeja kwa uzi mzuri. Mimi niko Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Januari 2013 ziwa hili lilishuka kuliko wakati wowote tangu waanze kupima. Mwaka 2020 lilipanda likavunja rekodi za juu mwezi baada ya mwezi. Ni miaka saba tu hapo katikati, na njia yake kuu ya kutokea haina bwawa. Mtaani kwetu Rogers Park fukwe ndogo tatu zilitoweka majira yale ya baridi, wakamwaga mawe makubwa. Kwa hiyo maziwa makubwa yana kupumua kwake.

Lakini kuna jambo linalonifanya niwaandikie. Hapa mwaka 1836 waliochora ramani ya mji waliandika kwamba ardhi ya mbele ya ziwa ibaki ya watu wote, wazi, bila majengo. Kumekuwa na mivutano mingi, lakini leo sehemu kubwa ya ufukwe ni bustani ya umma. Tajiri wa ghorofa ya arobaini na mimi tunakaa benchi moja. Nilipokuja likizo Mwanza nilitaka kumwonyesha mwanangu ziwa upande wa Capri Point, tukatembea tukikuta geti, ukuta, geti. Tukaliona vizuri tulipopanda boti ya Saanane.

BintiNansio · 15 Mei, 18:20

Hili ndilo la kuongelea. Nyumba ziwe juu, chini ibaki njia ya miguu na matete. Maji yakipanda yalowanishe njia, siyo sebule ya mtu.

GetiLaJinja · 15 Mei, 19:02

Mawazo mazuri, ila mimi sijasadiki ya mvua peke yake. Mvua ilinyesha sana pia miaka mingine na ziwa halikufika hapa. Nileteeni maelezo ya mageti siku kwa siku ndiyo nitanyamaza.

FundiMawe · 15 Mei, 19:15

Na mimi wa matete sitoki.

MamaKulwa · 16 Mei, 20:30

Mrejesho. Watoto wamepimwa. Doto hana kichocho, Kulwa anacho, amepewa dawa na anaendelea vizuri. Mama nesi, Mungu akubariki.

Jioni nilikaa na mlinzi nikamuuliza kwa nini alisema ziwa limekuja kuchukua chake. Akanishika mkono tukaenda kwenye jiwe kubwa lililo pembeni ya mwembe, ndani ya bustani. Akaparua kuvu kwa panga. Kuna alama ya mkato, imechongwa, urefu wa kiganja. Anasema aliikuta, na aliyemwachia kazi alimwambia ni alama ya maji ya zamani. Iko kama ngazi tatu juu ya hapa maji yalipo leo.

MstaafuWaMeli · 16 Mei, 20:52

Kama ni ya 1964 isingezidi sana ya leo, kwa kipimo tunachokijua. Huenda ni alama ya wimbi la dhoruba, au ya mpima viwanja. Ningependa nije niione kwa macho.

Kaitaba · 16 Mei, 21:10

Au ni ya zamani kuliko kipimo cha Jinja.

MamaKulwa · 16 Mei, 21:14

Karibu sana mzee, hata Jumamosi. Nitapika sato.

MamaKulwa · 4 Agosti 2024, 08:05

Habari za siku nyingi. Kiangazi kimeingia, leo ngazi ya saba imetoka nje, kavu mpaka katikati. Magamba ya konokono yamebaki yamegandana pembeni, meupe. Mzee wa meli alikuja, akaipima alama ya mlinzi kwa kamba, ameondoka na urefu wake kwenye karatasi na bado hajasema neno. Mwenye nyumba amekubali tulipe miezi mitatu mitatu. Ukuta wa jirani wameshaanza kuujenga upya, mahali pale pale, kwa mawe mapya. Malori ya kifusi yamepita mawili jana.

FundiMawe · 4 Agosti, 08:40

Waliniita. Nimewaambia nitajenga nyuma, mita kumi ndani, na mbele tupande matete. Wamechukua fundi mwingine.